Shahidi Aliyeitika Mara ya Kwanza

Mmenitumia salamu mara nyingi, nyinyi vijana mnaoanza kazi pale mahakama ya makosa ya barabarani, mkitaka niwaandikie mambo ya kazi. Najua mnachotaka. Hamtaki kusikia jinsi ya kupanga viti. Mnataka ile habari ya korido, ile ambayo askari wa zamu husimulia wakinywa chai halafu huenda chooni wawili wawili. Nitaifikia. Lakini mimi ni mtu mzima na siharakishwi, kwa hiyo kwanza mtasikia habari ya viti.

Nilikuwa nafanya kazi siku chache tu kwa wiki. Kwenye karatasi za ajira niliitwa mratibu wa msaada kwa mashahidi na familia, wa muda. Hakuna aliyeweza kulitamka jina hilo akiwa na haraka, na pale kila mtu ana haraka, kwa hiyo waliniita Mama wa Korti. Kazi yangu ilikuwa kila kitu ambacho si sheria. Kumwonyesha mtu pa kusimama. Kuwatafsiria Wakenya na Wakongo, maana nilikulia kambi ya polisi Naguru, hapa Kampala, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya gwaride la baba na ya fimbo ya mama.

Familia ya marehemu iketi upande mmoja, familia ya dereva upande mwingine, na msiwaache wakutane kwenye foleni ya choo. Maji mpeni shahidi kabla hajasema, si baada. Akishasema mikono inatetemeka, atajimwagia, na sasa mtakuwa na mtu anayelia tena amelowa. Msimwambie mtu "usilie". Na mkimwona mshtakiwa anaitikia kwa kichwa kila anaposomewa kitu, msifurahi kwamba ameelewa. Kijana mmoja wa bodaboda alikubali hivyo makosa matatu, la tatu likiwa la kuendesha basi. Nilipomuuliza kwa nini, akaniambia, "Maama, mimi nilidhani hakimu nauliza kama niko salama."

Aliyenifundisha kazi ni Afande Adriko, askari wa korti, Mlugbara mrefu aliyekuwa amekaribia kustaafu. Siku yangu ya kwanza alinisikia nikiita majina mlangoni, akanivuta pembeni.

"Filda, wewe naita watu kama nafukuza kuku. Jina ya mtu si takataka. Ita, ngoja. Ita, ngoja. Ita ya tatu, ndiyo useme hayuko."

Mara tatu ndiyo desturi ya mlango ule. Mtu asipoitika ya tatu, hakimu anaendelea bila yeye. Na nawaambieni kitu ambacho mtakiona wenyewe: katika miaka yangu yote pale, hakuna mtu aliyeitika mara ya kwanza. Wengine wamelala kwenye benchi, wengine wako nje wanabembeleza askari, lakini wengi wamekaa hapo hapo wanakutazama mdomoni na hawaitiki. Nilikuwa nawaelewa. Mama yangu alituonya tangu tukiwa wadogo kwamba jina lako likiitwa na humwoni anayeita, unyamaze. Likiitwa tena, unyamaze. Aliyekufa, alisema, hana pumzi ya kuita mara ya tatu, na anayemwitikia humfuata. Kambini tulikuwa makabila mengi, Waacholi kama sisi, Walugbara, Wateso, na akina mama waligombana juu ya kila kitu kuanzia kamba za kuanikia nguo, lakini hilo walikubaliana. Baba naye alikuwa sajini, akiita mara moja anataka kukuona mbele yake. Kwa hiyo tulichapwa na baba kwa kuchelewa na tukachapwa na mama kwa kuwahi.

Somo la pili la Adriko nililipata kwa aibu. Kulikuwa na mzee mmoja aliyewahi kuwa mlinzi wa geti huko Kyambogo, alikuja kutoa ushahidi wa ajali ya pikipiki. Alisema vizuri, akamaliza, akatoka kukaa korido. Wiki iliyofuata nafika kazini, nikamkuta palepale, amebeba muhogo wake wa kuchemsha kwenye mfuko. Alikuwa akienda kulala kwake na kurudi kila asubuhi. "Hakuna mutu ameniambia enda," akasema, wala hakukasirika. Adriko ndiye alikasirika. Alinisimamisha kama kuruta. "Mutu akiitika mbele ya korti, iko mikononi ya korti. Mpaka umwambie enda, yeye haiendi. Ukiita, achia. Ukiita bila kuachia, umefunga mutu." Niliona anakuza mambo. Mzee yule alikuwa amekosa kazi tu, nikasema moyoni.

Sasa twende korido.

Aliletwa kijana mmoja Mkenya, Wekesa, mtu wa Bungoma, dereva wa gari la mikate la kiwanda kidogo pale Ntinda. Shtaka lilikuwa kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari. Asubuhi moja, kwenye kivuko cha waendao kwa miguu kati ya Kyambogo na Ntinda, mzee mmoja alikuwa anavuka na gari la mikate likampiga akafa hapohapo. Wekesa alisema alikuwa amesimama kumpisha mzee, halafu lori la kokoto likamgonga kwa nyuma na kumsukuma, kisha likageuza na kutoroka. Taarifa ya ajali haikuwa na lori lolote. Bampa ya nyuma ilikuwa imebonyea, ndiyo, lakini nitajieni gari la mikate Kampala ambalo halijabonyea nyuma.

"Mama, haki ya Mungu nilikuwa nimesimama," aliniambia kupitia nondo za chumba cha mahabusu. "Yule mzee alikuwa ameniinulia mkono kusema asante."

Dhamana aliikosa, kwa sababu mgeni asiye na nyumba wala ndugu hapa anapata shida kupata wadhamini. Mkewe, Nafula, alikuja kila kikao akiwa na mimba kubwa, akakaa mstari wa mbele upande wa dereva. Wekesa akipatikana na hatia angefungwa miaka, na yeye angezaa peke yake katika mji ambao hata jina la mtaa wake lilimpiga chenga. Nilimpenda yule binti. Alikuwa na kawaida ya kunisalimia kabla sijamsalimia.

Aliyeliona lori alikuwa mmoja tu tuliyemjua, mwanamke aliyeitwa Achan, muuza katogo pale karibu na kivuko. Wakili wa Wekesa alitaka aje aseme, na wito nilimpelekea mimi mwenyewe. Nilimkuta anapepea mkaa chini ya sufuria la ndizi na matumbo. Tulipoulizana kwenu wapi, kumbe naye ni mtoto wa kambi ya Naguru, Mwacholi, anaishi bado kule na mdogo wake aliyeolewa na polisi.

"Mimi iliona," akasema. "Gari ya mukate ilisimama kabisa. Rori ikatoka nyuma, puu! Ikasukuma yeye juu ya mzee. Alafu ikarudi nyuma, ikaenda."

"Utakuja korti useme hivyo hivyo?"

"Sasa nakosa kuja namna gani? Mutu nateseka bure. Mama, siku utaniita, mimi taitika mara ya kwanza. Mimi hapana ogopa kuitwa."

Tulicheka sana, kwa sababu wote wawili tulijua mama zetu wangesema nini. Nilikula sahani yake ya katogo, nikarudi kazini nimeridhika kwamba kesi ile imepata mtu.

Siku ya kikao chake ilipofika, hakimu alisema shahidi aitwe. Nikaenda mlangoni, nikaita kama nilivyofundishwa. "Achan Betty!"

"Naam!"

Sauti ilitoka korido, palepale nyuma ya mlango, sauti ya mtu aliyeamka mapema na kuvuta moshi wa mkaa. Nafula aliinuka kitini kwa furaha. Nilifungua mlango wote kumkaribisha. Kulikuwa na benchi, na mwanga wa dirisha sakafuni, hakuna mtu. Nilikimbia mpaka ngazi. Nikaenda choo cha wanawake. Nilirudi nikamwambia hakimu kwamba shahidi yupo ila haonekani, na hayo ni maneno ya kijinga kuyasema mbele ya korti, lakini hakimu naye alikuwa amesikia. Alidhani mama wa watu ameshikwa na hofu akakimbia. Akaahirisha kesi.

Kikao kilichofuata Adriko aliniambia, "Leo fungua mlango kwanza. Alafu ita."

Nilifungua. Kwenye benchi walikaa vijana wawili wa bodaboda wenye kesi zao, mmoja huku, mmoja kule, na katikati yao nafasi ya mtu mmoja. Niliwatazama wote wawili machoni, nikaita, "Achan Betty!"

"Naam!"

Ilitoka kwenye ile nafasi. Wale vijana waliinuka pamoja bila kutazamana, mmoja akaelekea ngazi za mbele, mwingine za nyuma, na helmeti moja ikabaki inayumba sakafuni. Baadaye nilimpata mwenye helmeti uani. "Nnyabo, mama, kesi nakubali," akaniambia. "Faini nalipa. Lakini hapo mimi siludi kukaa. Ile mala moja imetosha."

Niliogopa, wanangu. Siwafichi. Nilipogeuka kuingia ndani nilihisi kama nimemfungia mtu mlango usoni. Lakini hakimu kwenye kiti chake hakuwa ameona korido. Alikuwa amesikia tu shahidi akiitika na kukataa kuingia, kwa mara ya pili, na alikuwa amekasirika. Alisema kikao kijacho ndicho cha mwisho. Shahidi asiposimama kizimbani, ataandika hukumu kwa yale yaliyomo kwenye faili, na sote tulijua yaliyomo kwenye faili yanamfunga Wekesa. Nafula hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, kwa nini anaitika kama hataki kutusaidia?"

Simu ya Achan ilikuwa imezimwa wiki nyingi. Siku yangu ya kupumzika nilikwenda mwenyewe kivukoni. Sufuria lilikuwepo, mkaa unawaka, lakini aliyekuwa anapakua ni mwanamke mwembamba zaidi, mwenye uso uleule. Nilijua ni yule mdogo wake, Lamwaka.

"Achan yuko wapi?"

Hakuniangalia. "Tulimuzika, Mama. Malaria ilipanda kichwa. Tulimpeleka nyumbani Gulu."

Nilimuuliza lini, na alipojibu nilikaa chini juu ya jerikeni la maji. Achan alikufa wiki ileile niliyompelekea wito. Alikuwa ardhini kabla sijaita jina lake hata mara moja.

Lamwaka alinipa maji kabla sijasema, si baada, na nilimpenda kwa hilo. Kisha akachuchumaa karibu yangu akasema polepole, ili wateja wasisikie, "Wewe naita yeye kule. Yeye nakuja kuita mimi hapa. Asubuhi, wakati nawasha mkaa. 'Lamwaka!' Mara moja tu. Mimi nanyamaza."

"Anataka nini kwako?"

"Wewe iko najua."

Na kweli nilijua, kwa jinsi alivyokuwa akikiangalia kile kivuko. Asubuhi ile ya ajali naye alikuwepo, nyuma ya dada yake, anaosha sahani. Aliliona lori tangu mwanzo. Lakini mumewe ni polisi, na walioandika taarifa ile ni watu anaokunywa nao, na alikuwa amemwambia mkewe kwamba walioona ni wengi, yeye afunge mdomo. Sasa mdomo wa Achan ulikuwa umefungwa na udongo, wa Lamwaka umefungwa na mume, na Nafula miguu yake imevimba mstari wa mbele.

Nilimweleza habari za Nafula. Aliinama akaanza kulia juu ya mkaa. Alisema kumkasirisha mume ataweza, amezoea. Anachoogopa ni korido. Ataitwa jina, asijue ni nani anayemwita.

Hapo nikakumbuka kwamba sisi wote ni watoto wa mama mmoja kwa mambo haya. "Sikiliza," nikamwambia. "Nitakuita mimi. Ya kwanza usiitike. Ya pili usiitike. Ukisikia ya tatu, jua ni mtu mwenye pumzi, inuka uje."

Akafuta machozi. "Na yeye akiitika badala yangu?"

Nilimwambia tu, "Njoo."

Siku ya kikao nilimwambia hakimu ukweli mbele ya wote, kwamba Achan ni marehemu tangu kabla sijamwita mlangoni mara ya kwanza. Hakimu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Alimwambia karani asiandike kwanza. "Sasa ni nani amekuwa akiitika?" Nadhani hakutaka kujibiwa. Wakili akasimama haraka akaomba kumleta shahidi mwingine, naye akaruhusiwa.

Nilikwenda mlangoni. Nikaita, "Lamwaka Grace!"

Kimya. Nilikuwa nimeomba kimya, na kilipokuja kilinitisha kuliko sauti. Nilingoja. "Lamwaka Grace!" Kimya tena. Nyuma yangu nilimsikia Nafula akisali kwa Kibukusu, lugha ya kwao, maneno yaleyale yakizunguka, na hakimu akigonga kalamu. Afande Adriko alikuwa amesimama wima, mkono kwenye mshono wa suruali, anatazama mbele.

"Lamwaka Grace!"

"Niko," akasema Lamwaka, na akatokea pembeni ya mlango. Alikuwa amebana mkoba kifuani na ananuka moshi. Alipita karibu yangu akaninong'oneza, "Nilikaa naye kwa benchi." Sikumuuliza.

Alisema yote. Alisema lori lilikuwa na mlango mmoja wa rangi tofauti, na alipoulizwa kwa nini alinyamaza siku zote, alimwonyesha hakimu mumewe, ambaye alikuwa amekuja na magwanda yake na kusimama nyuma kabisa. "Ile pale," akasema. Watu walicheka, hata hakimu kidogo. Jamaa hakusema na mkewe wiki nzima, nasikia, halafu njaa ikamrudisha kwenye katogo. Gari la mikate likakaguliwa upya, na safari hii mtu aliinama akaitazama bampa vizuri, akakuta rangi ya gari jingine. Wekesa akaachiwa. Nafula hakuweza kuinuka kwa uzito, kwa hiyo mumewe alishuka kizimbani akaenda kupiga magoti mbele ya kiti chake, na binti wa yule mzee aliyekufa akavuka kutoka upande wake akawashika wote wawili mabegani. Hapo nililia mimi, na hakuna aliyeniambia nisilie.

Lamwaka nilimwachia mwenyewe, kwa sauti, kama inavyotakiwa. "Korti imekuachia. Nenda nyumbani." Nikaanza kukusanya chupa za maji, nikiwa na furaha ya kazi iliyokwisha. Ndipo Adriko akaja.

"Umeachia yule mwingine?"

Nilijifanya sijaelewa.

"Filda. Uliita mutu. Aliitika. Aliitika vizuri kuliko hawa wote. Nani alimwambia enda?"

Nikatoka korido. Watu walikuwa wameshatawanyika, na ulikuwa mchana mweupe kabisa, magari yanapiga honi chini barabarani. Kwenye benchi mwisho mmoja alikaa mama aliyesubiri kesi ya mwanawe, na nikaona amejibana ukutani, amemwachia nafasi mtu ambaye hayupo, kama mnavyojibana kumpisha mtu kwenye kanisa lililojaa. Hakujua kwa nini, bila shaka. Nilisimama mbele ya ile nafasi. Nilijiona mjinga, na nilikuwa na hofu, na zaidi ya hofu nilimwonea huruma yule mwanamke aliyenipa katogo akaniahidi neno, akalitimiza mpaka akapita mpaka wa kutimiza ahadi, na sisi tukamsahau pale kama yule mzee wa muhogo.

"Achan Betty," nikasema. "Umesikilizwa. Korti imekuachia. Nenda nyumbani."

Hakuitika. Yule mama wa benchini akavuta pumzi, akasogea katikati, akanyoosha miguu.

Nasikia siku hizi mnatuma ujumbe kwenye simu, na wafungwa wanaonekana kwenye skrini kutoka gerezani, na kuita mlangoni kumebaki kwa wasio na chaji. Ni vizuri. Lakini mtu akiitika, hata kwa simu, mwambieni mwishoni kwamba amemaliza. Ni maneno machache. Adriko alistaafu akarudi Arua, akafa, na wanawe waliniambia kwamba kijijini alikuwa hakubali mgeni aondoke bila kumwambia enda.

Mimi nilipoacha kazi walinipikia pilau, wakanipa saa ya ukutani, hotuba zikasemwa, watu wakawahi foleni ya magari ya Ntinda. Nilifika nyumbani ndipo nikakumbuka. Miaka yote ile nimeachia kila mtu, na mimi hakuna aliyeniachia. Nilicheka. Lakini siku hizi, nikichagua mchele asubuhi hapa kwangu, kuna wakati nasikia mtu anaita nje, "Filda!" Sauti ya mtu aliyeamka mapema na kuvuta moshi. Mara moja tu. Nanyamaza, naendelea na mchele, kama mama alivyonifundisha.

Ila nimezeeka, na adabu ya kuitika inanizidi nguvu. Ipo siku nitaitika. Basi mkifungua mlango wa korti asubuhi moja, mkaita jina la mtu mwingine kabisa, na sauti ya kizee ikawajibu "Naam!" kabla hamjafunga mdomo, msikimbie na msiache helmeti. Mmoja wenu atoke korido, asimame wima mbele ya benchi, aseme kwa sauti ili nisikie: Mama Filda, korti imekuachia. Nenda nyumbani.